Asiyeruhusiwa Kupuliza Makaa

Mimi nilipokuwa mtoto, pale Kawempe, kila mtu nyumbani aliruhusiwa kupuliza makaa ila mimi. Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, alisema ndani ya sigiri mna jini, na nikilipulizia linanibeba. Mnacheka? Lilikuwa linanibeba kweli! Napuliza, mara naona chai imemwagika, watu wamenizunguka, na sikumbuki kitu. Macho yangu yalikuwa wazi, walisema, lakini mwenyewe sikuwepo.

Shuleni pia nilipotea hivyo hivyo katikati ya hesabu, na mwalimu akadhani ni jeuri. Mwishowe Baba akasema basi, nikae nyumbani, jini lisije kunichukua barabarani mbele ya bodaboda. Nililia mpaka sauti ikakauka. Nilipenda shule, jamani!

Mama akakataa katakata. Akanipeleka hospitali, Haboba akatufuata na ubani wake mkobani. Daktari, mwanamke mpole, akanishikisha kipande cha karatasi.

"Puliza, mwanangu. Usiache."

"Wee daktari!" Haboba akaruka. "Likimchukua je?"

"Hilo ndilo nataka kuliona, jajja," daktari akamjibu, akimwita bibi kwa heshima ya Kiganda.

Nikapuliza, nikapuliza. Kisha nikamwona Mama analia, karatasi iko sakafuni. Nilikuwa nimekwenda na kurudi. Daktari akasema ni kifafa, kile kisichomwangusha mtu, na kupuliza kwa nguvu hukiita.

"Jajja, macho yako yaliona vizuri," akamwambia Haboba. "Lakini hiki kina dawa."

Dawa yenyewe ilikuwa ya maji, ethosuximide, asubuhi na jioni. Mwanzoni ilinivuruga tumbo, nikainywa hivyo hivyo. Kupotea kukapungua, kukaisha. Nikarudi shule!

Ikafika Idi. Wageni wamejaa, makaa yamegoma. Nikachuchumaa mbele ya sigiri. Haboba akainuka anizuie, kisha akaketi tena. Nikapuliza mpaka majivu yakanijaa nyweleni na makaa yakawa mekundu.

"Haboba, nipo!"

Akapiga vigelegele, majirani wakaja mbio.

Dawa niliiacha zamani, daktari aliporidhika. Haboba ametangulia. Jini lake silicheki, maana kabla ya daktari yeyote, ni yeye aliyenitazama hadi akajua ninapotelea wapi. Sigiri yake ninayo mimi. Nikiiwasha napuliza kwa kifua chote, kisha namwambia kwa sauti, hata wageni wakiwepo: "Haboba, nipo."