Nyuzi Arobaini na Moja

Chokaa iliyotoka tanurini ina harufu yake. Si ya moshi wala ya vumbi. Ni harufu kavu inayokwaruza koo, na ukiimwagia maji inabadilika ghafla, ikawa kama ya nguo nzito zinazochemshwa kwenye sufuria kubwa. Baba alirudi na harufu hiyo nyumbani kwetu Kitengela kila Jumamosi jioni, nyusi zikiwa nyeupe kama za mzee wa miaka tisini, ilhali hakuwa amefika hata hamsini. Alikuwa ametoka Murang'a akiwa kijana kutafuta kazi, akaipata kwenye tanuri dogo la kuchoma mawe ya chokaa nje ya mji wa Kajiado, na hakuondoka tena. Mama alimwekea maji ya moto nyuma ya nyumba, akaoga, akaja kukaa nasi akiwa na kikombe cha chai, na ndipo mazungumzo yake ya wiki nzima yalipoanza. Wanaume wengine wa mtaani walizungumzia siasa na mvua. Baba alizungumzia tanuri. Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua ambalo alilirudia mpaka sisi watoto tukawa tunalijua kwa moyo. "Hii tanuri inakula kuni siku tatu bila kulala," alisema. "Jiwe linaingia likiwa zito, linatoka likiwa jepesi, na likipoa ni jiwe tu. Sasa ule moto wote huenda wapi?"

Mwenye tanuri alicheka tu, na mhubiri wa kanisani kwetu alisema ni maajabu. Mimi ndiye niliyebeba swali hilo mpaka shule ya bweni ya wasichana huko Kajiado, mapema katika miaka ya elfu mbili. Nilipoingia kidato cha nne, nilimkuta mtu wa kumuuliza. Aliitwa Mwalimu Mwendwa, alitufundisha kemia, na nilimpenda kama mtoto anavyompenda mtu wa kwanza anayemchukulia kuwa ana akili. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyotulazimisha kunyamaza ili tumsikie. Hakuwahi kumcheka msichana aliyekosea. Siku alipotufundisha namna ya kutafuta joto la mmenyuko wa kemikali ambao hauwezi kupimwa moja kwa moja, hakuanza na fomula. Alisimama dirishani akaonyesha barabara. "Kutoka hapa kwenda Kitengela unateremka," alisema. "Unaweza kufuata lami, unaweza kukata huko malishoni ukisalimiana na wachungaji, sopa, sopa, mpaka ufike. Ukifika, je, umeteremka tofauti? Njia haijalishi. Angalia ulikoanza na ulikoishia." Kisha akaeleza kwamba joto nalo ni hivyo. Njia moja ikikushinda kupima, tafuta nyingine inayoanza na kuishia palepale, upime hiyo, halafu upige hesabu.

Niliinua mkono nikamwambia kuhusu Baba na tanuri. Darasa lilicheka. Yeye aliweka chaki mezani. "Nyambura, hilo swali liko na jibu," alisema, "na jibu liko ndani ya hii maabara."

Hivyo ndivyo ulivyoanza mradi wetu wa mashindano ya sayansi ya wilaya. Nasema wetu kwa sababu nilifanya na Hodan, jirani yangu wa deski na wa kitanda, ambaye baba yake aliuza mbuzi na ng'ombe Kitengela baada ya kuhama kutoka Garissa. Hodan hakuipenda sana kemia, lakini alikuwa na mkono imara usiotikisa kikombe na mwandiko ambao walimu waliuazima kwa mabango ya shule. Baba alituletea mawe mwenyewe: mabichi ameyafunga kwa gazeti, yaliyochomwa ameyatia kwenye mkebe wa kifuniko kigumu, kwa kuwa alijua kwamba jiwe lililochomwa likikaa wazi hunywa unyevu wa hewani na kuharibika. Jumamosi baada ya chakula cha mchana, wasichana wengine wakifua na kusukana nywele, sisi tulijifungia maabara. Hatukuweza kutia kipimajoto ndani ya tanuri, lakini tuliweza kuyeyusha jiwe bichi ndani ya asidi na kupima joto lililotoka, halafu kuyeyusha lililochomwa ndani ya asidi ileile na kupima tena. Yote mawili yanaishia kuwa kitu kilekile ndani ya kikombe. Lakini lile lililochomwa hutoa joto kubwa zaidi, na ile tofauti ndiyo joto ambalo jiwe lilimeza tanurini na kukaa nalo kimya. Nilipoelewa hivyo, niliketi chini sakafuni. Moto wa Baba haukuwa umepotea. Ulikuwa ndani ya jiwe.

Tulitumia kikombe cha plastiki tulichokizungushia pamba ndani ya kopo, kwa sababu hatukuwa na chombo bora. Asidi ilianza nyuzi ishirini na mbili. Jiwe bichi liliipandisha nyuzi mbili tu. Lililochomwa liliipandisha mpaka arobaini na moja. Tulirudia mara tano. Mara nne arobaini na moja, mara moja arobaini. Nilipiga hesabu nikapata kilojuli mia moja arobaini na tatu kwa kila moli. Kitabu kilisema mia moja sabini na nane. Nilimpelekea Mwalimu Mwendwa daftari nikiwa karibu kulia, naye akalisoma ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama. "Joto linatoroka," alisema. "Kikombe kinachukua, hewa inachukua, na pengine jiwe la mzee halikuiva mpaka ndani. Hii si makosa. Andika ulichokiona, halafu ueleze." Nilirudi bwenini nikitembea juu ya hewa. Maneno hayo niliyaandika nyuma ya daftari kwa kalamu nyekundu.

Wiki ya mashindano ilipokaribia, mambo yalianza kuwa mazito. Shule yetu ilikuwa haijawahi kuvuka ngazi ya wilaya, na mwalimu mkuu alitutaja mara mbili paredini, mbele ya shule nzima. Ilisemekana Mwalimu Mwendwa angepandishwa cheo tukishinda. Siku mbili kabla ya kwenda, alichukua daftari langu akisema atalikagua mara ya mwisho, na jioni ileile akamwita Hodan ofisini aandike bango la matokeo kwenye karatasi ya manila. Mimi nilikuwa na jaribio la hesabu. Hodan aliporudi nilimuuliza kama limetoka vizuri. "Limetoka poa," alisema, akajifunika blanketi.

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi wa shule nyingine mjini. Baba alikuwa ameomba ruhusa kazini, akaja amevaa koti lake la harusi, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango kana kwamba anaogopa kuchafua viti. Hodan alitundika bango wakati mimi nikipanga vikombe. Sikuligeukia. Kwa nini niligeukie? Kila tarakimu ilikuwa kichwani mwangu. Majaji watatu walipofika mezani kwetu, nilieleza nikiwatazama wao, mgongo wangu ukiwa ukutani. Nilieleza tanuri, kuni, mawe mawili, asidi moja. Nilipofika mwisho nilisema kwa sauti, "Kwa hivyo jiwe linameza kilojuli mia moja arobaini na tatu." Jaji mmoja, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliinua macho kutoka kwenye karatasi yake.

"Rudia hiyo namba."

"Mia moja arobaini na tatu."

"Na hapo nyuma yako umeandika mia moja sabini na sita. Kipimajoto kilifika ngapi?"

"Arobaini na moja, madam."

"Bango linasema arobaini na tano."

Niligeuka. Mwandiko ulikuwa wa Hodan, mzuri kama kawaida. Arobaini na tano, arobaini na tano, arobaini na tano, safu nzima. Jibu la mwisho lilikaribiana na la kitabu kiasi cha kumpendeza mtu, bila kulifikia kabisa, kama lililochaguliwa na mtu anayejua sana kazi yake. Nilimtafuta Mwalimu Mwendwa kwa macho, nikiwa na hakika kwamba angesema kumetokea kosa. Alisogea mbele, mikono nyuma. Jaji aliomba daftari. Mwalimu alisema halikuja, limebaki shuleni. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, ile tuliyozoea kunyamaza ili tuisikie: "Mimi niliwaambia waandike walichokiona. Lakini unajua hawa wasichana. Wanataka jibu la kitabu."

Jaji alimgeukia Hodan. "Nani aliandika hili bango?"

"Ni mimi."

"Nani alikuambia uandike arobaini na tano?"

Hodan alimtazama mwalimu, akanitazama mimi, kisha akatazama viatu vyake. "Tulikubaliana," alisema.

Neno moja tu. Nimewahi kuanguka mtini nikavunjika mkono, na mara nyingine mbwa akaniuma, na hakuna maumivu kati ya hayo niliyoyasikia wazi kama nilivyolisikia lile neno. Nilifungua mdomo kubisha, lakini kilichotoka ni kilio, na mtoto anayelia mbele ya majaji amekwisha kujihukumu. Waliandika kitu, wakasogea meza ya pili. Mradi wetu uliondolewa kabla ya saa sita.

Baba alinikuta nje, karibu na bomba la maji. Hakuniuliza kama niliiba namba. Aliniuliza, "Wewe ulikiona kikisema ngapi?" Nikamwambia. Akauliza, "Na ule moto, huenda wapi?" Niliokota mawe mawili nikamweleza pale pale, kwikwi ikinikata maneno, naye akasikiliza mpaka mwisho. "Kumbe uko ndani," alisema. Nikafikiri sasa ataingia ukumbini kunitetea. Kweli aliingia, nami nikamfuata. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mwendwa, akampa mikono yote miwili, akainamisha kichwa na kusema, "Mwalimu, pole kwa usumbufu wa mtoto. Asante kwa kumvumilia."

Nilikaa miezi bila kumsamehe kwa hilo. Likizo ilipofika, niliposhindwa kunyamaza zaidi, alinijibu bila kupandisha sauti: "Uko na mtihani mbele, na ni yeye atakufundisha. Ningemshika shati, ungesoma na nani?" Leo naelewa. Wakati ule nilijua tu kwamba watu watatu niliowaamini walikuwa wamesimama ukumbi mmoja, na hakuna hata mmoja aliyesema ukweli kwa sauti.

Jumatatu niliitwa mbele paredini, nikavuliwa uongozi wa klabu ya sayansi. Hodan hakuitwa. Aliniambia yote baadaye, tukianua nguo, akilia: kwamba mwalimu alimwambia si uongo, ni kurudisha tu joto lililotoroka, kwamba asiniambie, nisije nikababaika, kwamba alikuwa amemwahidi barua ya kumpendekeza chuo cha uuguzi. "Niliogopa, Nyambura. Wallahi niliogopa." Nilikunja shuka zangu nikaondoka. Tuliketi deski moja mpaka mtihani wa mwisho, tukiazimana rula bila kusemezana. Na Mwalimu Mwendwa? Aliendelea kufundisha vizuri ajabu. Alieleza, akarudia, akasubiri wa nyuma waelewe. Daftari langu halikurudi. Nilijibu maswali yake yote kwa maandishi na sikuinua mkono tena.

Siku hizi napima sampuli za maji na za saruji kwa riziki yangu, na nyumba yetu ya Kitengela imezungukwa na maghorofa ambayo wenye mashamba ya zamani hawayatambui. Tanuri lilifungwa, hapo sasa pana yadi ya matangi ya maji. Baba amestaafu. Hodan ni muuguzi, nasikia ni mpole kwa wagonjwa, na mwaka jana alinitumia salamu kupitia dada yangu. Nilizipokea.

Mwalimu Mwendwa nilikutana naye mwezi uliopita katika duka la vifaa vya ujenzi, nikiwa na binti yangu wa kidato cha pili. Amezeeka vizuri. Alinitambua kabla sijamtambua, akalitaja jina langu lote, akamwambia muuzaji na kila aliyekuwa karibu, "Huyu nilimfundisha mimi! Alikuwa kichwa!" Nilitafuta usoni mwake dalili yoyote ya aibu, hata chembe ya kusitasita. Hapakuwa na kitu. Hakuwa anaficha, alikuwa amesahau. Siku niliyoibeba zaidi ya miaka ishirini, yeye hakuwa nayo kabisa. Alinipa mkono, nikampa wangu mmoja, akaenda zake na makopo yake ya rangi.

Tulipokuwa tukitoka, binti yangu aliniuliza, "Mum, alikuwa mwalimu mzuri?"

Nilitaka sana kusema hapana. Ingekuwa rahisi, na angeniamini. "Alikuwa mwalimu bora kuliko wote niliopata," nilimwambia, na kwa kuwa ulikuwa ukweli, ilinibidi nisimame pale kwenye ngazi za duka kwa muda kabla ya kuendelea.