Mtego wa Fukusi wa Wifi Yangu

Siku ile kibanjani kwangu, kwenye shamba langu la migomba kijijini Nyakasimbi, tulikuwa wanawake saba wa kikundi chetu cha kufundishana kilimo: mimi mwenyekiti, wifi yangu, yaani dada wa marehemu mume wangu; mkwewe, yaani mke wa mwanawe; majirani wawili tunaosali nao; na mapacha wawili wa kijiji cha Rugu walioolewa huku. Na bwana shamba, na mgeni mmoja wa mradi, mama wa mjini. Majina yote ninayo. Siyaandiki, maana aibu ni yangu peke yangu.

Mgeni alikuja kuchukua ujuzi wetu aupeleke kwenye vikundi vingine. Akauliza mtego wa fukusi, wale wadudu wanaotoboa migomba, ulianza na nani. Ulianza na wifi. Ndiye aliyepasua shina la mgomba, akalilaza kifudifudi, asubuhi akaligeuza na kuwaita kuku wale fukusi waliojikusanya chini yake. Basi akaeleza kwa Kinyambo, lugha yetu, maana Kiswahili hakijui, nami nikawa mtafsiri.

Sijui nilipatwa na nini. Labda ni kuona kalamu ya mgeni inasubiri. Nikasema, "Anasema nilimfundisha mimi."

Wifi akaitikia kwa kichwa, anatabasamu. Alidhani nimemsemea vizuri. Wenzetu waliinama. Nani amkatize mwenyekiti mbele ya wageni?

Nikapelekwa kijiji cha Nyakatuntu kufundisha kikundi cha huko. Kiti cha mbele, shikamoo bibi kila upande. Mama mmoja akauliza, "Bibi, shina liwe la siku ngapi?" Mimi nilikuwa sijatega hata mara moja. Nikajibu, "Lolote tu."

Baada ya wiki mbili bwana shamba akanipigia simu: mashina yamelala pale, fukusi hakuna.

Nikaenda kwa wifi. Alikuwa anamenya ndizi, na mkwewe alikuwa amekwisha kumwambia yote. Hakuinuka.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Umekuja kunifundisha na kumenya?"

"Wifi, nisamehe. Watu wa Nyakatuntu wanahangaika."

Akamenya ndizi mbili tatu. "Shina liwe bichi, la mgomba uliokatwa mkungu jana. Likikauka fukusi hawaji. Waambie. Wale hawajanikosea."

"Twende wote, ukaseme mwenyewe."

"Na nani atanitafsiria?"

Nilimpigia bwana shamba palepale, nikamwambia la shina bichi, na kwamba ujuzi huu ni wa wifi tangu mwanzo. Lakini wifi hajarudi kikundini.

Ninyi mliokuwepo, kama kuna nililosahau au kosa nililojipunguzia, lisemeni. Ila haya msomeeni yeye kwanza, kwa Kinyambo, na nisiwe mimi wa kumsomea.