Mstari wa Mwisho Nyakahura

Ndassa alirudi kutoka vitani Uganda na miguu yake yote miwili, na watu wa Nyakahura wakasema ana bahati. Hakubishana nao. Alichojua yeye ni kwamba tangu aliposhuka kwenye lori la jeshi, mwili ulikuwa na uchovu usiotoka kwa kulala. Akiamka amechoka, akila amechoka. Hata hivyo ndizi zilitakiwa zifike sokoni, na baiskeli ndiyo iliyomlisha mkewe Kwandu na watoto.

Tairi la nyuma lilikuwa limekwisha. Alilishona kwa waya na kulitia kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, likawa linadunda barabarani kama mtu anayechechemea. Duka la kijiji halikuwa na matairi, wala sabuni, wala chumvi ya kutosha. Ndiyo miezi ile ya kufunga mkanda. Basi iliposikika kwamba mshindi wa mbio za baiskeli, siku ya sherehe ya Chama mwezi wa pili, atapewa matairi mawili mapya, Kwandu alimwambia, "Baba Ngeleja, kajiandikishe."

"Nimechoka, mama."

"Najua. Kajiandikishe hivyo hivyo."

Zilikuwa mbio za baiskeli za kazi tu, zile zile za kubebea mihogo. Kamati ilikagua kila moja: keria iwepo, na asiwepo mjanja wa kung'oa vyuma ili apunguze uzito. Baiskeli zikishakuwa sawa hivyo, kilichobaki ni miguu na mahali pa kuanzia. Na mahali pa kuanzia palikuwa nusu ya ushindi, maana mteremko kutoka sokoni uliishia kwenye daraja la magogo lililopitisha baiskeli moja moja. Aliyetangulia pale alikwenda zake. Wa nyuma walibaki wakisukumana.

Kwa hiyo siku moja kabla ya sherehe kila mtu alipandisha mlima wa soko peke yake, huku Mwalimu Celestini akimpima kwa saa yake ya mkononi. Mwenye kasi kuliko wote angeanza mstari wa kwanza na kuchagua upande autakao. Anayemfuatia angekaa ubavuni mwake, na wengine nyuma yao, wawili wawili, mpaka mkiani.

Ndassa alipanda akihema, jasho likimwingia machoni. Alipofika juu Celestini aliitazama saa, akaitazama tena. "Hakuna aliyekufikia mpaka sasa," alisema.

Ndassa hakuwa hata amekaa chini vizuri mvua ilipoanguka. Ilipokatika, mlima ulikuwa tope tupu, na karibu nusu ya waendeshaji walikuwa hawajapimwa. Wote wakajibanza barazani kwa ghala la pamba, na Mzee Pancras, mwenyekiti wa kijiji, akasimama.

"Ndugu zangu, kuwapima hawa pakavu na wale kwenye utelezi si haki. Vipimo vya leo vimefutwa. Tutapangana kwa namba za mwaka jana. Ambaye hakukimbia mwaka jana ataanza mwisho."

"Mzee," Ndassa alisema, "mwaka jana nilikuwa vitani."

"Tunajua, mwanangu, na tunakushukuru. Lakini utaratibu ndio huo."

"Kule hakuna aliyeniuliza nimeshika namba ngapi. Tuliambiwa mbele, tukaenda mbele."

Anatoli, mshindi wa mwaka jana, alijikuna shingo. "Mzee, mpeni nafasi yangu. Mimi nitakwenda nyuma."

Ndassa alitikisa kichwa. "Yako ni yako. Uliikimbilia." Haikuwa kiburi. Hakuwa na nguvu za kuanza kumshukuru mtu.

Kesho yake filimbi ilipolia alikuwa mkiani kabisa, akitemewa tope na magurudumu ya wote. Darajani alikuta fujo: wawili wameanguka, mnyororo wa mmoja umenasa, matusi kwa Kisubi na Kisukuma. Ndassa hakusubiri. Alishuka, akaitwika baiskeli begani, akaingia mtoni maji yakimfika mapajani. Alikwisha kuvuka mito akiwa na mizigo mizito kuliko ule. Alipotokea ng'ambo, mbele yake walikuwa wachache tu.

Aliwafikia mmoja mmoja njiani, bila haraka, mpaka kijiji cha pili, palipokuwa mahali pa kugeuzia. Kurudi, walibaki Anatoli na Ildefonce, kijana wa Kanazi. Kwenye mlima wa soko aliwakaribia hata akasikia pumzi zao. Kisha miguu ikakataa. Haikuuma, ilikataa tu. Alimaliza wa tatu, akiikokota baiskeli hatua za mwisho.

Anatoli alipewa matairi, Ildefonce jembe. Ndassa alipewa mche wa sabuni, naye akampa Kwandu. Kwandu aliunusa, akafumba macho.

"Leo watoto wataoga," alisema.

Ndassa alijilaza kwenye majani penye kivuli cha ghala, hotuba zikiendelea, akalala. Kwandu aliwafukuza waliotaka kumwamsha ili apige makofi.

Kabla ya mwezi kuisha lile tairi lilipasuka njiani, likashindikana kushonwa. Mpaka duka la kijiji lilipopata matairi, Ndassa alipeleka ndizi sokoni kwa miguu, mkungu mmoja kichwani.