Koti Lililolowa Kiangazi

Kabla sijaanza, tuelewane. Sinywi, sivuti, na siku hiyo sikuwa na homa. Nina steshenari yangu Mikumi, kando ya barabara ya malori. Natoa kopi, nachapa barua za watu, napiga picha za pasipoti. Hadithi za mizimu nimezisikia kama wewe ulivyozisikia, na nyingi nimezicheka. Hii siicheki. Ilinitokea mimi mwenyewe, nimekaa kwenye kiti changu, taa inawaka na nje watu wanapita. Ukitaka kubisha utabisha, ila nisikilize kwanza mpaka mwisho.

Nilikuwa na kaka, Shabani. Nikisema "nilikuwa" ulimi unasita, na utaona kwa nini. Kwetu Kimamba tulizaliwa wawili tu, yeye akinitangulia. Alipokuwa kijana akapata kazi ya utingo kwenye lori la mizigo, wakawa wanakwenda Tunduma na wakati mwingine kuvuka mpaka. Safari moja akaaga kama kawaida yake, na hakurudi. Dereva alisema aliteremka mpakani kununua vocha, wakamsubiri, wakachoka. Baba alimtafuta mpaka akafa. Mimi nimeolewa, nimeachika, mvi zimeanza kunitoka mbele ya kichwa, na muda wote huo mama hakumruhusu mtu yeyote kusoma hitima ya Shabani. Sahani yake bado ilikuwa kabatini, na ole wako uilie.

Mwaka huu baba mdogo akalivalia njuga. Alisema mtu hawezi kuachwa katikati, asomewe dua apumzike, na walio hai nao wapumzike. Wakabishana na mama mpaka majirani wakajua. Mwishowe mama akanigeukia mimi.

"Mwanangu, hili mimi limenishinda," akasema. "Wewe ndiye uliyekua naye. Ukisema tusome, tutasoma. Ukisema tungoje, nitangoja."

Jamani, hilo ni swali la kumuuliza mtu? Nikisema asomewe, nimemuua kaka yangu kwa mdomo wangu. Nikisema tungoje, namfunga mama kwenye kizingiti mpaka naye afe. Niliomba muda. Nikapanda gari la kurudi Mikumi nimepakata kompyuta ya Shabani, na usiniulize nilikuwa nategemea kupata nini humo. Nilitaka tu kushika kitu chake.

Kompyuta yenyewe ni ya zamani, ile yenye kioo cha chogo. Baba alikuwa karani kwenye ofisi ya shamba la mkonge, na ofisi ilipofungwa wakampa, naye akampa Shabani. Ndani yake mlikuwa na gemu moja tu ya maana, ya mpelelezi. Mji wa ghorofa ndefu, kila kitu cheusi na cheupe, usiku hauishi na mvua haikatiki. Wanaume wote wamevaa makoti marefu na kofia pana zinazoficha macho, sisi tukiwaita watu wa baridi. Maneno yalikuwa Kiingereza, na Kiingereza hatukukijua, kwa hiyo kesi alitunga Shabani. Alisema yule dada mrembo anayelia ofisini kwa mpelelezi kaibiwa baiskeli. Tumeitafuta baiskeli ile utoto wetu wote.

Hatukuimaliza, na sababu yake utaicheka. Juu kabisa ya ngazi za jengo moja kulikuwa na mlango. Ukibonyeza, mpelelezi anagonga. Sisi tulifundishwa kwamba unapiga hodi mara tatu, usipokaribishwa unaondoka zako, huingii nyumba ya mtu. Basi tunagonga, tunangoja, tunagonga tena, tunangoja, tunagonga ya tatu. Kimya. Shabani anasema, "Mwenyewe hayupo, twende." Tunashuka ngazi. Kesho yake tunarudi, tunagonga, tunashuka. Haikutupitia akilini hata mara moja kwamba mpelelezi anaweza kushika kitasa akaingia.

Sasa nisikilize. Ilikuwa jioni, adhana ya magharibi imeshatoka, wateja wamekwisha. Mikumi ilikuwa imekauka. Hiyo miezi unaijua, vumbi mpaka kwenye chai, majani yamekuwa rangi ya kamba. Mvua tulikuwa tumeisahau. Nikaiwasha ile kompyuta, ikaunguruma, ikawaka. Nikaufungua mchezo. Mara hii Kiingereza nakijua, nikawa nasoma, kumbe yule dada hakuibiwa baiskeli. Alikuwa anamtafuta mwanamume aliyetoka nyumbani asirudi.

Nilizima? Sikuzima. Nikaendelea, nikipita njia zile zile ambazo vidole vilikuwa bado vinazikumbuka, mpaka juu ya ngazi, mpaka mlangoni. Nikagonga. Nikangoja. Nikagonga, nikangoja, nikagonga. Utu uzima wote huu, na mkono wangu ukaanza kumgeuza mpelelezi ashuke.

"Hodi," mtu akasema mlangoni kwangu.

"Karibu," nikajibu bila kugeuka. Akaingia, akakaa kwenye benchi la wateja nyuma ya bega langu. Nikatupa jicho nikaona koti refu jeusi na kofia. Watu wa namna hiyo hapa si ajabu, madereva wanashuka kutoka Njombe na Makambako na makoti yao kana kwamba Mikumi nako kuna barafu. Nikamkadiria kuwa mtu mzima, kwa jinsi alivyokaa kwa uzito.

"Shikamoo," nikamwambia.

Hakuitikia. Nikiri kwamba niliudhika. Mtu mzima unaamkiwa, unanyamaza, kwani marahaba inauzwa? Ndipo nikasikia tone. Halafu tone jingine. Nikatazama sakafuni, maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye pindo la koti lake, yanatengeneza njia kwenye saruji kuelekea mguu wa kiti changu. Mtu amelowa chapa chapa, na nje vumbi.

"Umelowea wapi?" nikamuuliza.

"Huko," akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama ya mtu aliyetoka kuamka. Akaegemea mbele akaonyesha kioo. "Mbona unashuka? Shika kitasa."

"Hawajanikaribisha," nikamjibu. Hebu nione mimi, namjibu mgeni mambo ya gemu kana kwamba tumeongea hayo tangu asubuhi! Akacheka kidogo, akanyoosha mkono kupita begani kwangu, akaishika mausi. Mkono ulikuwa wa baridi, nilihisi ubaridi kabla haujanigusa. Akabonyeza kitasa. Mlango ukafunguka.

Chumba kilikuwa na kiti, meza, na kitanda kilichotandikwa. Hamkuwa na mtu. Chini kukatokea maandishi, mstari mrefu, nikasogeza uso nisome. Ilisema hapa hajaishi mtu kwa muda mrefu.

"Si nilisema hayupo," akasema.

Nilisikia, lakini akili haikushika. Nilikuwa nasoma, unajua mtu anavyosoma lugha ya watu, neno kwa neno. Nikasikia benchi likilia, anasimama.

"Halafu pale ulikosea kuniamkia," akasema. "Siku hizi mkubwa ni wewe. Shikamoo."

"Marahaba," nikasema. Macho yangu kwenye kioo.

Neno lilitoka lenyewe, linavyotoka kwa wanafunzi wanaoleta kopi. Nilikuwa nimeshalitamka ndipo nikaelewa kilichosemwa. Nikageuka. Benchi lilikuwa tupu, limelowa. Nikatoka mbio mpaka barabarani, lori likapita, vumbi likanijaa machoni. Hakuna mtu. Jirani yangu Mama Zai, anayekaanga chipsi pembeni ya mlango wangu, akanifokea.

"We dada, unamwaga maji mlangoni kwangu, mteja karibu avunjike kiuno!"

"Yule mzee mwenye koti kaenda wapi?"

"Mzee gani? Tangu adhana hajaingia mtu kwako."

Mama Zai haachi mtu apite bila kumchungulia, hilo Mikumi nzima inajua. Sasa hajamuona mtu, lakini maji kayaona. Nishike lipi? Nilipiga deki nikilia, wala sikujua nalia kwa ajili ya nini.

Maana fikiria mwenyewe. Shikamoo haipandi wala kushuka ovyo. Aliyezaliwa mbele yako hakuamkii, labda iwe utani, na Shabani na mimi hatukutaniana hivyo hata siku moja, mimi ndiye niliyemwamkia kila asubuhi. Ni kwa njia gani kaka anakuwa mdogo wako? Kwa njia moja tu. Yeye awe amesimama pale alipofika, na wewe umeendelea kuongeza miaka mpaka umempita.

Kesho yake nilikuwa Kimamba. Sikutaka kumweleza mama, nilipanga kusema tu "tusome" ninyamaze. Lakini mama alinitazama nikashindwa, nikamweleza yote, mpaka maji. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza swali moja.

"Alipokuamkia, uliitikia?"

"Niliitikia, mama."

Akaweka mikono mapajani. Halafu akasema, "Basi umeshaupokea ukubwa. Tusome."

Hitima ilisomwa, watu wakala, baba mdogo akashukuru. Ile sahani mama aliitoa kwa mkono wake, akampa jirani. Usiku ule alilala fofofo, nami nikakaa kitandani namsikiliza anavyopumua.

Ungedhani mambo yaliisha hapo. Hayakuisha. Siku chache baadaye dereva mmoja aliyekuja kutoa kopi ya leseni aliniambia kwamba huko Njombe manyunyu hunyesha hata miezi hii, na mtu akipanda juu ya mzigo hufika huku amelowa. Aliongea tu, hakujua anachonifanyia. Tangu hapo sina raha. Huenda yule mgeni wangu alikuwa dereva tu, tena mwenye akili mbovu kidogo, aliyewahi kucheza gemu hiyo mahali. Huenda Mama Zai alikuwa ameinamia karai lake. Na kama ni hivyo, tumemsomea hitima mtu ambaye labda anakula na kulala huko Zambia, kwa sababu ya neno moja la mpita njia. Kisha nakumbuka ule mkono, na ile "si nilisema hayupo", narudi pale pale. Mchana naamini hivi, jioni naamini vile. Kompyuta nimeifunika kwa kanga, sijaiwasha tena.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama kwenu kuna mtu aliyetoka asirudi, nakuomba kitu kimoja. Mgeni yeyote akikuamkia, acha unachofanya, geuka, mtazame usoni, ndipo uitikie. Mama sasa ameanza kuniuliza Shabani alikuwa na uso gani siku ile, kama alikuwa amekonda, kama alionekana ana amani. Kila nikienda Kimamba ananiuliza, na mimi sikumtazama.