Samaki Kwenye Beseni la Unga

Sijawahi kumwelewa mtu anayefuga kitu asichoweza kukishika. Kuku namwelewa. Mbuzi namwelewa. Hata paka wa jirani anayelala kwenye mkeka wangu namwelewa, maana akinikera namfukuza. Lakini samaki wa kwenye kioo? Kwetu Bujumbura samaki ni mukeke, ni ndagala, ni sangala, na ukitaja jina tu mtu anajua atakavyopikwa. Siku mume wangu alipoingia nyumbani na mfuko wa nailoni uliojaa maji, ndani yake samaki sita wadogo wa manjano, nilimuuliza kama ni wa kukaanga au wa mchuzi. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mgeni wake.

Samaki hao alipewa na mteja, bwana mmoja wa Kinanira mwenye tangi la kioo refu kuliko kitanda chetu. Mume wangu ni fundi wa magari hapa Bwiza. Alikwenda kwa yule bwana kutengeneza gari, akaambiwa akae sebuleni angoje ufunguo, na nadhani ufunguo ulichelewa sana, maana aliporudi alikuwa hasikii anachoambiwa. Wiki iliyofuata akapata vioo vya duka lililokuwa linafungwa, akaviunganisha kwa silikoni ya garaji, akaweka tangi lake sebuleni mahali pa kabati langu la vyombo. Kabati likahamia chumbani. Mpaka leo nikitaka sahani ya mgeni napanda kitandani.

Na samaki wenyewe ni wa ziwa letu hili hili. Maji ya robine, yaani ya bomba, hawayataki, alisema, yana dawa. Kwa hiyo kila baada ya siku tatu, alfajiri, mume wangu alipanda baiskeli na bidoni mbili, yale madumu ya plastiki, akaenda kuwatekea maji ziwani. Robine ya kwetu inaweza kukauka wiki nzima. Mimi nilikuwa napanga foleni na bidoni zangu tangu swala ya alfajiri ili nipate maji ya kukandia mandazi ninayouza, nikirudi namkuta baba watoto anamimina maji kwenye kioo polepole, kikombe kwa kikombe, na haruhusu nichote hata ya kuoshea sufuria. Niliona uchungu. Nasema wazi, niliwaonea wivu samaki.

Siku moja nilimuuliza anapata nini pale. Alikuwa ametoka garaji, na siku hizi mafuta ya gari hayapatikani, kwa hiyo watu wanakuja kwake si kutengenezewa bali kulalamika, na kumuuliza mafuta yatafika lini kana kwamba anayakamua yeye. Alikaa juu ya kigoda chake mbele ya tangi.

"Kila mutu ananiomba kitu," akasema. "Hizi samaki zinaniomba maji tu."

Jibu hilo lilinikasirisha siku tatu. Mimi nilikuwa namwomba nini? Sisi tulikuwa watu wa kubishana. Miaka yote ya ndoa tulibishana juu ya chumvi, juu ya redio, juu ya mtoto yupi alizaliwa siku ya mvua, na tulibishana vizuri, mpaka majirani walikuwa wanasogea kusikiliza. Watoto walipooa na kuolewa nikadhani sasa tutabishana kwa nafasi. Kumbe mwenzangu amejipatia viumbe visivyojibu.

Kisha mmoja wa samaki, jike, akaacha kula. Kidevu kilikuwa kimevimba na mdomo ameufumba. Nilisema ana ugonjwa, atolewe. Mume wangu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi, akanieleza kwamba ana mayai mdomoni. Samaki wa aina hii hulea humo humo, akasema, na kwa wiki tatu au zaidi hatakula chochote mpaka watoto wajiweze. Wenzake walikuwa wanamsumbua, kwa hiyo akataka kumtenga. Akamtenga wapi? Kwenye beseni langu la kijani la kukandia unga, jikoni. Nilipiga kelele, hakusikia. Nikaanza kukanda mandazi kwenye sufuria, na mandazi ya kwenye sufuria hayaumuki inavyotakiwa, wateja waliniambia.

Siku kumi baadaye robine ilirudi. Maji yalitoka kwa nguvu, meupe, yananuka dawa mpaka nje. Mume wangu yuko garaji. Nilijaza kila chombo, na nilipopita mbele ya tangi nikaona maji yamepungua na yana ukungu kidogo. Chini ya meza palikuwa na bidoni ya maji ya ziwa, imejaa. Niliiona, sitadanganya. Lakini nilifikiri, nitamwonyesha leo kwamba maji ni maji, aache safari zake za alfajiri. Nilitoa nusu ya maji ya zamani, nikamimina mapya, yakang'aa. Nilijisifu kabisa.

Saa moja baadaye walikuwa juu wanahema. Saa mbili baadaye walikuwa wamelala ubavu, wote watano. Aliyebaki ni yule wa kwenye beseni, ambaye sikumgusa kwa sababu nilikuwa nimemnunia.

Mume wangu alirudi akiwa na mavazi ya kazi, akasimama mbele ya kioo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie. Wallahi nilikuwa nimeshaufungua. Yeye akainua mikono yake, akaitazama viganja na migongo.

"Ni mikono yangu," akasema. "Nilipanga mawe mu kioo asubui. Mafuta ya garaji hayitokake, hata ukinawa."

Na mimi nikanyamaza. Ilikuwa rahisi sana.

Tangu siku hiyo hakugusa tena maji ya samaki. Aliosha mikono kwa sabuni, kwa mchanga, kwa majivu, mpaka ngozi ikapasuka kwenye vifundo. Beseni hakulikaribia. Alisimama mlangoni akanielekeza, chota kidogo, ongeza ya ziwa, polepole, kisha akatoka kwenda kunywa kahawa barabarani na wanaume wenzake. Nilichokuwa nakitaka kikawa kimekuja: sebule haina samaki. Na mume hamna vilevile. Nikimchokoza juu ya chumvi anasema ni sawa. Chumvi ilikuwa nyingi, niliizidisha makusudi, na yeye anasema ni sawa!

Nikabaki mimi na yule mama wa kwenye beseni. Mara ya kwanza nilibadilisha maji kwa hasira, mara ya pili kwa haraka, mara ya tatu nikavuta kigoda. Ni aibu kuandika hivi, lakini nilianza kumsalimia asubuhi. Sisi tunafunga mwezi mzima na kila magharibi tunafuturu. Yeye magharibi yake haikufika. Alikonda mpaka mgongo ukatokeza, na bado chakula kikipita mbele yake anageuka. Nilikuwa nakaa pale unga unakauka mikononi, nikijua kwamba naye ninayemnyamazia yuko mahali fulani anajisugua vidole.

Wiki mbili baada ya wale watano kufa, mchana, mdomo ulifunguka. Wakatoka watoto, wadogo kuliko punje za mchele, na niliposogea wakakimbilia tena mdomoni mwa mama yao. Nilitembea mpaka garaji na aproni yangu ya unga. Sikumwambia kitu, nilimwambia njoo tu.

Alifika akasimama mlangoni, mikono nyuma ya mgongo. Akaniambia nihesabu mimi. Alikuwa ananyoosha shingo aone, na miguu yake imegoma kuingia jikoni mwa nyumba yake mwenyewe. Hapo nikashindwa.

"Haikukuwa mikono yako," nikamwambia. "Ni mi. Nilitia maji ya robine."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na majibu manne ya ukali, nimeyapanga kwa wiki mbili. Yeye akatoa mikono nyuma ya mgongo, akaitazama tena, na uso wake ukafunguka.

"Kumbe haikukuwa mikono yangu," akasema.

Basi. Hayo tu. Nilimuuliza kama hatanigombeza, samaki watano si mchezo. Akaniambia nisogee, nazuia mwanga. Akanawa mara moja, akapiga magoti kando ya beseni langu, akaingiza vidole vyake vilivyopasuka ndani ya maji, na akahesabu watoto kumi na mmoja.

Nikamwambia ni kumi na wawili, kuna mmoja chini ya mama yake. Akasema hicho ni kivuli. Nikasema kivuli hakina macho. Tulibishana mpaka maharage yakaungua, na jirani wa ukutani alizima redio yake ili atusikie.

Walikuwa kumi na wawili.