Zamu za Kapatazi Sufo

Mwaka 1968, Sufo Mwinyimadi alikuwa kapatazi, yaani msimamizi, wa watu watano waliosafisha mabwawa ya kuogelea ya Wareno pale Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji. Bwawa la maofisa wa jeshi lilitaka watu wawili, la administradori, mkuu wa wilaya, wawili, la meneja wa kampuni ya pamba mmoja. Kila Jumatatu Sufo alipanga zamu na kupeleka orodha kwa karani Bernardino.

Jumatatu moja wawili kati yao, Faquir na Cassamo, hawakutokea. Zainabo, mke wa Cassamo, ndiye aliyekuja kumnong'oneza Sufo kwamba wamekwenda kwa wapiganaji wa uhuru ng'ambo ya mto Ruvuma, Tanzania, na yeye na wanawe wanawafuata kwa miguu.

"Kaka Sufo, nipe siku nne," alisema. "Wakijua leo, hatufiki."

Sufo aliwajua watu waliochukuliwa na polisi wa siri wasirudi. Hata hivyo aliandika majina matano kama kawaida.

Asubuhi aliwapeleka wawili kwa maofisa, na mchana akawahamishia kwa administradori, wakamsaidie mwenzao aliyeanza peke yake. Bwawa la meneja alilisugua mwenyewe, na kila gari la jeshi lilipopita aliinamisha kichwa. Wale watatu walichoka hoi, lakini walirudi kila asubuhi.

Jumatano upepo wa mvua ulimwaga majani mabwawani, na kazi ikawashinda. Alhamisi maji ya bwawa la administradori yaliamka ya kijani. Bernardino akaja na orodha.

"Umeandika watano. Nawaona watatu."

Sufo alijibu kwamba wawili wana homa. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

Bernardino akasema, "Basi kesho nitakwenda kuwajulia hali."

Mchana ule Sufo alitamani kukimbia. Lakini akitoroka, msako ungeanza saa ileile, na Zainabo alikuwa bado njiani. Akabaki akichota majani.

Ijumaa Bernardino aliwakosa wale wawili makwao, na polisi wa siri wakamkuta Sufo kazini. Alikaa kizuizini miezi saba, akipigwa na kuulizwa, akishikilia kwamba yeye aliambiwa tu kuwa wana homa. Siku aliyotoka, mfanyabiashara mmoja kutoka Mtwara alimweleza kwamba Zainabo na watoto walivuka salama. Sufo alimshukuru Mungu. Kazi hakurudishiwa, akalima mihogo, na kwa miaka mingi mtu akibisha hodi alikawia kuitika.