Taarifa Niliyoiandika Kambini

Komite ya mfuko wetu wa ukumbusho imeniomba kurasa mbili za historia, nami nimewapa. Haya yanayofuata hayamo katika kurasa hizo.

Mfuko tuliuanzisha mwaka wa uhuru, sisi wanafunzi wa zamani wa mwalimu mmoja aliyefariki kwa homa wiki chache kabla ya Wabelgiji kushusha bendera yao. Alikuwa ametufundisha Kilatini, hesabu, na kula meza moja na mtu tusiyemjua. Kwa jina lake, kila likizo kubwa, tuliweka kambi kwenye mchanga wa ziwa, kusini ya Uvira. Vijana wa milimani, wa tambarare ya Ruzizi na wa mjini walijifunza pamoja kuongoza mkutano, kuandika muhtasari na kugawana kazi, kwa maana nchi ilikuwa na ofisi nyingi kuliko watu wa kuzikalia. Kijana aliyewashinda wenzake alipelekwa Bukavu kusomea utawala.

Mimi, mwalimu wa shule moja ya Uvira, nilikuwa katibu. Nilikuwa na mwandiko mzuri na sikukosea nyakati za vitenzi vya Kifaransa. Kwa hiyo taarifa ya kila kijana niliiandika mimi.

Sheria ya kambi ilikuwa moja: kila mtu ale kutoka sufuria moja. Ufukweni, maana yake ilikuwa bugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Katika kambi ya tatu alikuja kijana kutoka upande wa Mulenge, milimani, mwana wa wafugaji. Vijana wa mjini na wa tambarare walikuwa wamegombania zamu ya kuchota maji kwa siku mbili. Yeye aliwapatanisha bila kupandisha sauti. Lakini samaki hakula. Alikaa katikati ya wenzake, akala bugali mtupu hadi wote walipomaliza.

"Weye, unaogopa huyu samaki atakupiga teke kama ng'ombe?" mmoja alimtania.

"Ng'ombe inapigaka teke muntu mwenye hajui kukamua. Weye ingekumaliza."

Walicheka wote, naye pia. Mimi sikucheka. Nilimwita kando nikamuuliza kwa nini anakataa chakula cha wenzake.

"Sikatai, mwalimu. Kwetu hatukulaka samaki, iko mwiko. Nikikula, nyumbani hawatanipatia tena maziwa."

Nilimwelewa. Jambo hilo sijawahi kulisema katika mkutano wowote wa komite: nilimwelewa kabisa. Alasiri ile niliandika kwamba ni hodari, lakini anajitenga na wenzake wakati wa chakula, na kwamba hana moyo wa umoja wa taifa. Mwanzoni nilikuwa nimeishia kwenye "umoja". "Wa taifa" niliongeza baadaye, kwa sababu sentensi ilihitaji uzito mwishoni.

Taarifa zilisomwa mbele ya kambi nzima, na nafasi ya Bukavu akapewa mwingine. Kabla ya kupanda kwao, kijana alinifuata.

"Mwalimu, Bukavu haina shida, nitajaribu tena. Uondoe tu ile neno ya taifa. Itanifuata."

Nilimjibu kwamba taarifa ikishatiwa sahihi haiguswi.

Miaka minne baada ya uhuru, waasi walipoiteka Uvira, walifanya ofisi yao katika shule yetu. Walikuwa wakitafuta maadui wa mapinduzi, na dosie za kambi, zenye taarifa zangu zote, zilikuwa kabatini, nimezipanga kwa alfabeti. Mkuu wao aliniita. Taarifa ya kijana wa Mulenge ilikuwa mkononi mwake, na kijana mwenyewe alikuwa ameshakamatwa jana yake, aliposhuka kununua chumvi Nyakabere.

"Mwalimu, hii mwandiko iko yako?"

"Ni wangu."

"Basi weye uliona adui kabla yetu sisi wote. Asante sana."

Ingetosha niseme kwamba ni habari ya samaki tu. Sentensi hiyo niliitunga kichwani kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, na zote mbili zilikuwa sahihi. Nikasema, "Ndiyo, mkuu." Asubuhi iliyofuata walimpiga risasi.

Utulivu uliporudi, baba yake alishuka kutoka mlimani, akanikuta darasani nikisahihisha madaftari. Hakukubali kiti.

"Weye ndiye mwalimu wa kambi?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Mutoto wangu aliniambia ulimwandika mubaya. Minye sijui kusoma. Uniambie: aliiba?"

"Hapana, mzee."

"Alipiga muntu?"

"Hapana. Hakula samaki."

Alinitazama kama mtu anayengoja sehemu ya jibu iliyobaki.

"Ata minye sikulaka," alisema. "Basi uniandike na minye."